Bia ya Hemingway na Daftari la Gesti: Nani Aliyelala Babati?

Mwanzoni mwa mwaka 1934, Ernest Hemingway alipita Babati. Alikuwa katika safari ya kuwinda pamoja na mkewe Pauline na mwindaji Philip Percival, wakielekea kusini kutafuta tandala. Mwaka 1935 kikatoka kitabu chake, Green Hills of Africa, na humo Babati imepata nafasi ndogo tu: hoteli inayotazama ziwa, achari ya chupa waliyonunua, bia baridi waliyokunywa, kisha gari likashika barabara ya Cape hadi Cairo. Basi.

Kwa sisi wapenda vitabu, kishawishi ni kujivuna. Mji wetu mdogo chini ya Mlima Kwaraa umo ndani ya Hemingway! Lakini tazama kisichokuwemo. Wasaidizi wake wa porini, akina M'Cola, anawataja kwa majina na kuwaeleza kwa kirefu. Ila pale hotelini bia imefika mezani kama vile ilijileta yenyewe. Hatujui ilibebwa na nani, wala huyo mtu usiku alilala wapi.

Swali la kulala si dogo. Babati ilikua kwa sababu ya barabara. Ile njia kuu ya kaskazini ilitoka Tunduma, ikapita Mbeya, Iringa, Dodoma na Kondoa, ikafika Babati kabla ya kupanda Arusha na kuvuka Namanga kwenda Nairobi. Kwa hiyo tangu mwanzo huu ni mji wa wapita njia. Enzi za ukoloni hoteli za namna ile zilikuwa za Wazungu. Mwafrika aliziingia kwa mlango wa jikoni. Akiwa safarini alifikia kwa ndugu, kwa mtu wa kwao, au alijikunyata ndani ya lori akisubiri kukuche. Mpaka leo Kiswahili chetu cha mtaani kinatenganisha mambo: ukisema "hoteli", wengi wanaelewa pa kula wali maharage. Pa kulala panaitwa gesti.

Kufikia kwa ndugu kulikuwa na sheria zake. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo tunaitaja kwa kucheka, lakini ni mkataba kamili: malazi yanalipwa kwa kazi, na mwenyeji anakujua wewe ni nani. Baada ya uhuru, TANU ilipoleta mabalozi wa nyumba kumi, kumjua mgeni kukawa pia kazi ya chama. Ukipokea mtu usiyeeleweka, unampeleka kwa balozi akajieleze. Gesti ilivunja mkataba wa jembe, maana hapo unalipa hela na hudaiwi kitu. Lile jicho la balozi, hata hivyo, halikuondoka. Lilihamia kwenye daftari la mapokezi.

Desemba iliyopita nilikwenda Babati mapumziko ya siku tatu, nikalala gesti moja karibu na stendi, ya bei inayojumuisha chai, chapati na yai la asubuhi. Dada wa mapokezi alinipa daftari kabla ya ufunguo. "Jaza hapo kaka, usiache kitu." Jina, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, saini. Ukutani kulikuwa na lile tangazo la kila gesti, kwamba watu wawili wa jinsia moja hawaruhusiwi kulala chumba kimoja. Nilichelewa kujaza kwa sababu nilikuwa nasoma mistari ya juu yangu: mkulima kutoka Kiteto, mwalimu anayekwenda Mbulu, dereva wa Dodoma. Nchi inayojisifu kwa kuzika ukabila bado inamuuliza mtu kabila lake kabla hajapewa taulo. Lakini pia nilifikiri: hii hapa ndiyo historia ya mji huu, imeandikwa na wenyewe, kwa kalamu ya kufungwa kamba.

Fikiria madaftari hayo yakipangwa kwa miaka. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha na Babati ikawa makao makuu, ungeona safu ya "kazi" ikibadilika: watumishi kutoka Simanjiro, Kiteto, Hanang na Mbulu wakija kwenye vikao vya mkoa, na mashahidi wa kesi. Ungeona pia sheria ya mabasi. Kuanzia miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalizuiwa kutembea usiku kucha, hivyo giza likiyakuta njiani abiria walilala miji ya katikati. Zuio hilo lilikuja kuondolewa 2023. Kwa mwenye gesti, amri kama hiyo ni mvua au ukame.

Ungeona mbaazi. Wakulima wa Babati huzilima kwa wingi, na soko lake kubwa ni India. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi kutoka nje, bei ilianguka vibaya. Msimu kama huo lazima uache kurasa nyeupe: mnunuzi asiye na soko hana sababu ya kulala Babati. Aprili 2018 ikazinduliwa lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251. Tope la Kondoa likawa hadithi, na aliyekuwa akilala sasa anapita tu, ananunua samaki wa ziwani dirishani na kuendelea. Barabara iliyouzaa mji inaweza pia kuuruka.

Sasa, madaftari haya yanaishia wapi? Likijaa linawekwa chini ya kaunta, likipata vumbi linauzwa kwa kilo, na kurasa zake zinafungia karanga. Nyaraka za maofisa wa wilaya wa kikoloni zimetunzwa, na Hemingway yuko kila maktaba. Aliyemhudumia bia hayupo kokote, na wajukuu wake wanaelekea kupotea vivyo hivyo.

Najua pingamizi: humo mna namba za watu, na mna siri za ndoa. Ni kweli kabisa, na si jambo la kuachia yeyote apekue leo. Lakini kumbukumbu nyingi nyeti hufungwa miaka mingi kabla ya kusomwa. Halmashauri ya mji ina kabati. Shule zina walimu wa historia. Kuanza hakuhitaji mfadhili: wenye gesti watatu au wanne wakikubali kutouza madaftari yao ya zamani, tayari tuna mahali pa kuanzia. Wanaoandika riwaya za Babati ya kesho watahitaji kujua nani alifika, alitoka wapi, na alisema anakwenda wapi.