Lori la Alfajiri: Sehemu ya Nne

ILIPOISHIA: Mfuko nilikuwa nimeshaufunga. Lori la Koboko lingepita Oli saa kumi na moja alfajiri, na wakala alikuwa akinisubiri Juba. Kutoka hapo ni Sudan, kisha Libya, kisha bahari. Nilipofungua mlango nilimkuta Mjomba barazani, amejifunika shuka, kiti chake kimeuziba mlango.

SASA ENDELEA...

"Kaa, mjomba," alisema. "Lori bado. Niambie, huko uendako kukoje?"

"Jangwa. Mchanga mtupu."

"Mchanga!" Akacheka kile kicheko alichokuwa akiwacheka wanafunzi wake wa jiografia kule Koboko kabla hajastaafu. "Dada, tuletee chai."

Nilijua nia yake ni kunichelewesha. Nikakaa hata hivyo. Mjomba wako harukwi kizingitini.

"Huko kulikuwa bahari," alianza. "Misri kuna bonde linaitwa Wadi al-Hitan. Mifupa ya nyangumi imelala mchangani tangu miaka milioni 37 iliyopita. Nyangumi, mjomba, si kambale! Bahari yenyewe wataalamu wameipa jina Tethys. Bara letu lilisogea kaskazini kidogo kidogo, likaibana, ikapungua hadi ikabaki Mediterania. Bahari ikipungua, na mvua inapungua. Kule Chad wamekuta matuta ya mchanga yenye umri wa miaka milioni 7."

"Basi ni jangwa tangu hapo," nilisema, jicho kwenye simu. Saa tisa na robo.

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa sifuri." Akavuta kiti. "Dunia ikizunguka inayumba, kama pia iliyochoka. Kila miaka elfu ishirini na kitu hivi inamaliza yumbo moja. Kuna wakati jua la kiangazi linaichoma sana nchi ya kaskazini, na joto lile linauvuta upepo wa bahari ya magharibi kuingia ndani pamoja na mvua yake. Miaka 11,000 hivi iliyopita mvua hiyo ilifika katikati ya Sahara. Nyasi, twiga, viboko! Ziwa Chad likawa kubwa kama Victoria tano. Watu wakafuga ng'ombe na kuwachora kwenye miamba ya Tassili, Aljeria. Na huko Gilf Kebir, Misri, kuna pango alilolikuta msafiri mmoja, Almásy, mwaka 1933. Ukutani watu wamechorwa kama wanaogelea. Nje ya pango hakuna maji ya kunawa hata uso."

Dada alikuwa bado amesimama mlangoni na birika. "Sasa hayo maji yalikwenda wapi?"

"Dunia iliyumba tena, mwanangu. Jua likapunguza ukali, mvua ikarudi kusini, nyasi zikafa, na nchi isiyo na nyasi inazidi kukauka. Ilipofika miaka 5,000 iliyopita, mchezo ulikuwa umekwisha. Wengine walikuwa wameshahamia mtoni. Mto gani? Nile, huu huu unaopita Rhino Camp." Akanigeukia. "Wao walikimbia huko wakaufuata mto. Wewe unauacha mto unakwenda walikokukimbia."

Dada akaweka birika chini, akaingia ndani bila neno.

"Walifukuzwa na njaa," nikamjibu. "Na mimi nafukuzwa na njaa hiyo hiyo."

Mjomba alinyamaza kitambo. Mzee yule si mtu wa kudanganya ili ashinde. "Hapo sina la kukujibu. Hata mto usiuamini sana. Miaka 16,000 hivi iliyopita Victoria yenyewe ilikauka, na maji yake hayakufika huku. Lakini wale walihama na wake zao, watoto wao na ng'ombe wao. Wewe unahama na namba ya simu ya mtu usiyemjua."

Honi ikalia barabarani. Moyo ukaruka, ila miguu ilikataa. Nilisikia mlango wa lori ukifunguliwa, ukafungwa kwa kishindo, kisha injini ikanguruma kuelekea Koboko. Mjomba akainua mikono, "Alhamdulillahi."

Niliingia chumbani kuurudisha mfuko uvunguni. Mfuko haukuwepo. Nikainua mto wa kulalia: bahasha ya pesa haipo. Mlango wa uani ulikuwa wazi, jiko la chai bado lina moto, na kitanda cha Dada hakijalaliwa.

Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe wa wakala:

"Dereva anasema aliyepanda ni mwanamke. Sawa, tunampokea. Ila bei ya wanawake ni nyingine, na hawalipi kwa pesa."

Nikamwita Mjomba kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO. Kutoka Oli hadi mpaka wa Oraba lori halimalizi hata asubuhi moja, na Mjomba ana pikipiki isiyo na mafuta. Usikose.