Umekula nini, na saa ngapi? Swali la kabla ya upasuaji wa uzazi

Kwetu Pwani mwanamke hapelekwi hospitali kujifungua mikono mitupu. Pamoja na mkoba wa leso na nguo za mtoto huenda kapu la chakula: chupa ya chai ya maziwa, uji wa pilipili manga, mahamri, tende. Nami nilibeba kapu hilo nilipompeleka mtoto wa dadangu, aliyepangiwa kupasuliwa saa tatu asubuhi. Muuguzi alikuwa amemwambia asile. Saa kumi na moja alfajiri nikamnywesha chai ya maziwa na mahamri mawili, ati apate nguvu.

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji aliulizwa amekula nini. Akanitazama, akajibu, "Sijala kitu." Nilinyamaza kidogo, kisha nikasema ukweli. Tulikaripiwa, na upasuaji ukasogezwa hadi saa nane mchana. Nilikasirika sana. Baadaye daktari wa nusukaputi alinikalisha akanieleza, na tangu hapo nimesoma na kuuliza mengi juu ya jambo hili. Nayaandika hapa kwa sababu makapu bado yanabebwa.

Mtu mwenye fahamu akipaliwa hukohoa, na kilichoingia njia ya pumzi kikatoka. Aliyelazwa kwa nusukaputi hana kinga hiyo. Koo limelegea, hakohoi, hamezi. Kilicho tumboni kikipanda, huteremkia mapafuni. Kipande cha chakula huziba pumzi. Maji ya tumbo yenye asidi huyaunguza mapafu. Mama anaweza kufa kwa hilo, hata kama upasuaji wenyewe haukuwa na tatizo lolote.

Mjamzito yumo hatarini kuliko mtu mwingine. Mji wa mimba umelisukuma tumbo la chakula juu, na homoni za mimba zimelegeza mlango ulio kati ya tumbo na koo la chakula. Kile kiungulia kinachowasumbua wajawazito usiku ni ushahidi wa mlango huo usiofunga vizuri. Uchungu ukianza, tumbo nalo huchelewa kusaga na kuteremsha chakula, na dawa kali za kutuliza maumivu, kama pethidini na mofini, hulichelewesha zaidi. Kwa hivyo aliyekula baada ya Isha kisha akashikwa na uchungu, alfajiri chakula kile huenda bado kipo.

Aliyelieleza jambo hili kwa hesabu ni daktari wa Marekani, Curtis Mendelson, mwaka 1946. Alipitia kumbukumbu za uzazi zaidi ya 44,000 katika hospitali moja ya New York, kuanzia 1932 hadi 1945, akakuta akina mama 66 walioingiwa na vitu vya tumboni mapafuni wakiwa wamelazwa. Wawili walikufa, wote kwa kuzibwa pumzi na chakula kigumu. Siku hizo mama alivutishwa gesi kwa barakoa, bila mrija wa kuilinda njia ya pumzi. Amri ya kutokula ilipata nguvu kutoka hapo.

Mtu atauliza: siku hizi wengi hudungwa sindano ya mgongoni, mama yu macho na anazungumza, chakula kina neno gani? Ni kweli sindano hiyo ni salama zaidi kwa jambo hili, maana mama bado anaweza kukohoa. Lakini mara nyingine ganzi haishiki, au huisha kabla kazi haijaisha, au hupanda juu mno mama akashindwa kupumua vizuri. Mara nyingine anavuja damu vibaya na hakuna wakati wa sindano. Hapo hulazwa kwa nusukaputi, na hakuna ajuaye asubuhi kwamba adhuhuri mambo yatageuka.

Saa zenyewe, kwa upasuaji uliopangwa, ni hizi. Vyakula vya mafuta na nyama, yaani mahamri, viazi karai, biriani, vinataka saa nane. Chakula chepesi, kama mkate mkavu, saa sita. Maji matupu na chai ya rangi huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Maziwa yanahesabiwa kuwa chakula kwa sababu huganda tumboni, kwa hivyo chai ya maziwa si kinywaji hapa. Uji pia ni chakula, hata ukiwa mwepesi wa kunywewa. Sharubati ya maembe au ya ukwaju yenye nyamanyama haimo katika maji matupu. Madafu, muulizeni daktari wenu. Mwezi wa Ramadhani, aliyekula daku asijihesabu kuwa tumbo tupu kwa sababu amefunga. Saa zinahesabiwa tangu daku. Na mwenye kisukari anayetumia insulini apewe maagizo yake peke yake, asifuate ya jirani wa kitanda.

Kuna upande wa pili ambao hospitali nazo zinastahili kuambiwa. Mama huambiwa asitie kitu mdomoni tangu saa sita usiku, kisha foleni ikasogea hadi alasiri, naye amekauka midomo. Huko ni kumtesa bila faida. Foleni ikisogea, ulizeni kama anaweza kunywa maji. Tena amri hii si ya kila mwenye uchungu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linapendekeza mama asiye na hatari kubwa aruhusiwe kula na kunywa wakati wa uchungu. Mwenye kovu la upasuaji wa zamani, au mwenye pacha, au aliyekwisha kuambiwa huenda akapasuliwa, aulize kwanza.

Na ikiwa ni dharura na mama ameshakula? Hanyimwi upasuaji. Mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka hawamsubiri mama asage pilau. Linalobadilika ni maandalizi: hupewa dawa ya kupunguza makali ya asidi, na akilazwa kwa nusukaputi, dawa za kumlaza huingizwa haraka, gegedu la koo hubanwa kwa vidole, mbinu aliyoieleza daktari Mwingereza Brian Sellick mwaka 1961, na mrija hutiwa upesi njia ya pumzi. Yote hayo anayefanya hutaka kujua mapema. Anayedanganywa anajiandaa kwa mgonjwa mwingine kabisa.

Ndiyo maana makaripio yale yananiudhi hadi leo. Msichana wa miaka ishirini na mbili, mbele ya watu wanaofoka, atasema hajala. Akiulizwa kwa upole atasema mahamri mawili na kikombe kimoja.

Semeni pia kama kuna dawa inayomdhuru, kama aliwahi kupata shida na nusukaputi, na kama ana meno ya bandia au jino linalotikisika. Wanaopambwa kabla ya kujifungua waache ncha za vidole: piko, ile hina nyeusi, inaweza kukitatiza kile kipimo kinachobanwa kidoleni kuangalia hewa ya damu.

Kapu lenyewe lisirudishwe nyumbani. Siku hizi aliyepasuliwa kwa sindano ya mgongoni, kama hatapiki na hana tatizo jingine, huruhusiwa kunywa na kula saa chache tu baadaye. Mtoto wa dadangu alitolewa chumbani kabla ya Alasiri, na Magharibi ilipoingia alikuwa anakunywa uji, mtoto kifuani, akiniuliza mahamri yaliyobaki yako wapi. Nilikuwa nimeyala mimi.