Wayland na Mafuta ya Ziwa Albert

Kibiro, kijiji kilicho chini ya genge la mashariki mwa Ziwa Albert, kimejulikana kwa chumvi tangu enzi za wafalme wa Bunyoro. Wanawake wa hapo hutandaza udongo juu ya ardhi iliyolowa maji ya chemchemi za moto, huukwangua ukishakauka, huuchuja, kisha huchemsha maji yake mpaka chumvi ibaki. Si mbali na bustani hizo za chumvi, mafuta meusi huchuruzika kutoka kwenye mwamba. Watu wa huko hawakuhitaji Mzungu wa kuwaonyesha. Basi tusimpe Edward James Wayland sifa ya kuyagundua mafuta ya Uganda, ingawa wengi humpa. Kazi yake ilikuwa nyingine, ya kuchosha zaidi na, kwa maoni yangu, yenye faida zaidi: aliyaorodhesha.

Alizaliwa London mwaka 1888. Kabla ya kufika Uganda alifanya kazi Msumbiji, wakati huo koloni la Wareno, na baadaye Ceylon, ambako tabia yake ya kuchanganya fani mbili ilionekana mapema: alitumwa kutafuta madini, akarudi pia na zana za mawe za watu wa kale. Mwaka 1919 akawa mkuu wa kwanza wa Idara ya Jiolojia ya Uganda, makao yake Entebbe. Ilikuwa idara ndogo ya wataalamu wachache, wakiwemo A. D. Combe na W. C. Simmons, na nchi nzima iliwangoja. Serikali ya kikoloni ilitaka madini ya kuuza. Wayland aliyatafuta, lakini hakuweza kulipita jiwe lililochongwa na mkono wa mtu. Zana alizookota mwaka 1920 kwenye Ghuba ya Sango, magharibi mwa Ziwa Victoria karibu na mpaka wa Tanganyika, ndizo zilizowapa wanaakiolojia jina la Sangoa, ambalo bado wanalitumia.

Mwaka 1925 idara yake ilichapa kitabu chake kuhusu petroli ya Uganda. Ndani yake kuna takriban sehemu 50 zenye dalili za mafuta kandokando ya Bonde la Ufa la magharibi, tangu Paraa kwenye mto Nile, kupitia Kibiro, hadi upande wa Semliki kusini mwa ziwa.

Kibiro ilikuwa na kitendawili chake. Mafuta hutokana na viumbe vidogo, hasa miani, vilivyozikwa katika matope ya ziwa au bahari na kupashwa joto kwa muda mrefu chini ya uzito wa mashapo. Lakini mwamba wa Kibiro ni ule mgumu wa kale, uliopikwa na kukandamizwa, ambao hauwezi kuzaa mafuta hata kidogo. Lazima yawe yametoka kwingine. Chini ya ziwa kuna mashapo yenye unene wa kilomita kadhaa, na mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda na kufuata nyufa za ukingo wa bonde mpaka yatokeze nje. Hapo ndipo mjiolojia wa mafuta hukuna kichwa. Mafuta yanayochuruzika ni kama moshi juu ya paa: unajua kuna jiko, hujui chunguni kumebaki nini. Huenda hazina imefungwa salama chini ya tabaka la udongo mfinyanzi. Huenda pia imekuwa ikivuja kwa maelfu ya miaka na sasa imekwisha.

Jibu lingepatikana kwa kuchimba tu. Mwaka 1938, karibu na Butiaba, kampuni kutoka Afrika Kusini ilichimba kisima cha Waki B-1. Kilishuka zaidi ya mita 1,200, kikapita kwenye tabaka zenye lami, na hakikujaribiwa kama kingeweza kutoa mafuta. Vita vikaja. Mwaka uliofuata Wayland aliondoka kwenye idara, na katika miaka ya 1940 tunamkuta Bechuanaland, Botswana ya leo, katika kazi ileile ya jiolojia.

Nadharia zake kubwa hazikuwa na bahati. Aliamini Bonde la Ufa la Ziwa Albert lilitokea kwa ardhi kubanwa kutoka pande mbili, kinyume na J. W. Gregory aliyesema ilivutwa ikapasuka. Leo wajiolojia wako upande wa Gregory. Alipanga historia ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki kwa vipindi vya mvua nyingi, Louis Leakey akaufuata mpango huo, na mkutano wa Nairobi wa mwaka 1947 ukaupa baraka; kufikia miaka ya 1960 ulikuwa umeachwa. Hata zana za changarawe alizozipa jina kutokana na mto Kafu zilikuja kuonekana kuwa mawe yaliyovunjwa na maumbile tu. Alikuwa hodari wa kuona na mwepesi mno wa kueleza. Orodha ya mafuta ilinusurika kwa sababu ndani yake alikuwa akiandika kilichopo.

Mwaka 1963 madini mapya yenye bismuthi, kutoka kilima cha Wampewo katika Buganda, yaliitwa waylandaiti kwa heshima yake. Alifariki mwaka 1966, Uganda ikiwa bado haijauza hata pipa moja.

Upimaji wa sumaku kwa ndege ulifanyika mwaka 1983, ukaonyesha mashapo yalikorundikana kwa wingi zaidi. Mwaka 2006 kampuni ya Hardman ya Australia ilipata mafuta kwenye kisima cha Mputa, katika eneo la Kaiso-Tonya. Kaiso ni kijiji kilekile ambacho Wayland alitumia jina lake kwa tabaka za visukuku alizozichunguza ufukweni. Wataalamu wa Uganda wamekadiria mapipa bilioni 6.5 ardhini, ambayo takriban bilioni 1.4 yanaweza kutolewa. Asili yake ya ziwani inaonekana katika nta yake nyingi: yakipoa huganda, ndiyo maana bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa lipashwe moto njia nzima.