Nani Anasikiliza Katikati?

Mwezi uliopita fundi alikuja kutufungia intaneti nyumbani Tanga. Kijana mchangamfu. Kavuta waya kutoka kwenye nguzo, katoboa tundu moja ukutani, kaning'iniza kiboksi cheupe juu ya kabati la vyombo, kisha akasema: "Tayari kaka, neno la siri liko hapo chini ya boksi." Mama alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele. Akamwuliza: "Mwanangu, na huko katikati nani anasikiliza?"

Fundi akacheka. "Bibi, hii siyo simu ya zamani. Hakuna anayesikiliza."

Mama hakucheka. Aliendelea na mchele wake, na mimi swali lile likanikaa kichwani mpaka leo. Maana Mama hakuuliza kwa ushamba. Aliuliza kwa utaalamu.

Kabla hajastaafu, Mama alikuwa opereta wa simu. Aliingia kazini akiwa msichana, wakati simu zilikuwa chini ya shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 akajikuta mtumishi wa Shirika la Posta na Simu la Tanzania, kiti kile kile, ubao ule ule wenye matundu. Mtu wa Tanga akitaka kuongea na mtu wa Mwanza, alimwomba Mama. Mama alichomeka waya, akaita mwenzake wa upande wa pili, akasikiliza kidogo kama sauti inapita, ndipo akawaachia wenyewe. Hapo kwenye "kusikiliza kidogo" ndipo palipokuwa na siri za mji mzima. Alijua nani anadaiwa, nani amefiwa kabla mfiwa hajajua, na bwana gani anapiga simu Moshi kila Ijumaa mkewe akiwa sokoni. Nikimwuliza walifanyaje kuishi na mambo yote hayo, ananijibu: "Tulikuwa tunasikia na hatusikii."

Basi nimeandika makala haya kujaribu kumjibu. Nimerudi nyuma kidogo kutazama jinsi maneno yetu yalivyosafiri katika pwani hii, na kila mara nimejiuliza swali lake: nani yuko katikati?

Tuanze Unguja. Tarehe 22 Januari 1879 jeshi la Uingereza lilipigwa vibaya na Wazulu huko Isandlwana, Afrika Kusini. Habari ile ilifika London tarehe 11 Februari, siku ishirini baadaye, kwa sababu hakukuwa na waya wa telegrafu uliofika kusini mwa Afrika. Waingereza waliona aibu, na pesa zikapatikana haraka. Kabla mwaka ule haujaisha, kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imelaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukapitia Msumbiji mpaka Durban. Kwa hiyo waya wa kwanza wa mbali kufika kwetu uliletwa na vita vya watu wengine. Zanzibar ilikuwa kituo cha njiani.

Telegrafu ililipiwa kwa neno. Tena kila neno lilipita mikononi mwa karani, ambaye hakuweza kulituma bila kulisoma. Wafanyabiashara walilijua hilo. Wakanunua vitabu vya mafumbo, kama ule uitwao ABC Code uliotoka miaka ya 1870, ambamo neno moja lisiloeleweka lilisimama badala ya sentensi nzima. Kwanza waliokoa pesa. Pili, karani alisoma asiambulie kitu. Naomba msomaji alishike jambo hili, tutalirudia: watu wa wakati ule hawakumtegemea karani awe mwaminifu. Walifunga maneno yao wenyewe kabla ya kumkabidhi.

Kutoka hapo turuke karibu miaka mia moja. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kompyuta chache zilizokuwapo serikalini zilikuwa zimeleta hasara na vurugu kwenye mahesabu. Leo tunacheka, lakini ni wakati ule ule ambapo Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni, na haikukipata mpaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973. Marufuku ya kompyuta yalilegea taratibu, na katikati ya miaka ya 1990 intaneti ikaingia nchini. Iliingia kwa setilaiti, chombo kilichoning'inia kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta. Ukibonyeza kitu, ombi lako linapanda huko, linashuka ng'ambo, jibu linapanda tena na kushuka. Nusu sekunde imekwisha hata kabla ukurasa haujaanza kufunguka. Tena ilikuwa ghali mno, mtu wa kawaida asiweze kuiota nyumbani kwake.

Ndo tukapata intaneti kafe. Wenzangu wa umri wangu mnaikumbuka: kompyuta nane zimepangwa ukutani, feni moja, karatasi imeandikwa "Usisogeze kiti", na mhudumu mwenye daftari la saa. Mimi nilikuwa mwanafunzi Dar es Salaam mwaka 2003, na nilikuwa nalipa kwa nusu saa. Nilisoma huko mambo ambayo maktaba yetu haikuwa nayo. Nilikuwa natafuta maneno kwenye Kamusi ya mtandaoni iliyoanzia Chuo Kikuu cha Yale. Baadaye kidogo nikaanza kumfuata Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa blogu za Kiswahili, kwenye blogu yake ya Jikomboe. Nilikuwa naichapa, nasoma kwenye daladala. Sidhani kama ningekuwa naandika leo bila zile nusu saa.

Lakini katikati alikuwapo mtu. Kumbe si mhudumu peke yake, bali kila aliyekalia kiti kile baada yangu.

Siku moja umeme ulikatika nikiwa ndani ya barua pepe yangu. Tukasubiri, haukurudi, nikaondoka zangu. Hata mlango wa nyumba ukigoma kufungika utaweka kiti. Mimi sikurudi kuangalia, wala sikubadilisha neno la siri. Neno lenyewe lilikuwa jina la Mama na mwaka wangu wa kuzaliwa. Sijui kama mtu alifungua pale pale, au kompyuta ile ilikuwa imetegwa programu ya kunasa kila herufi unayobonyeza, mchezo uliokuwa wa kawaida. Ninachojua ni kwamba wiki mbili baadaye Ba'mdogo wangu aliyekuwa anafanya kazi Muscat alipokea barua kutoka kwangu. Mama amelazwa, inasema, anahitaji upasuaji, tafadhali tuma kwa jina la rafiki yangu huyu. Kiswahili kilikuwa safi. Hata shikamoo ilikuwapo.

Ba'mdogo alituma riyali 120. Alipogundua, alinipigia simu, na hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, tusimwambie mama yako. Atasikia aibu." Zilikuwa akiba zake za tiketi ya kuja kutuona Idd. Hakuja mwaka ule. Nilipoanza kazi nilimrudishia fedha, lakini Idd ile sikuweza kumrudishia.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa njia ile ile ya 1879, yaani chini ya bahari. Tarehe 23 Julai 2009 mkonga wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam, Rais Kikwete akiwapo. Mwaka huo huo Mombasa ikapata mkonga wa TEAMS, na 2010 ukaja EASSy, kutoka Mtunzini Afrika Kusini hadi Port Sudan. Bei zikaanza kushuka, mkonga wa taifa ukasambaa mikoani, modemu za kuchomeka zikajaa madukani, simu zikawa na bando. Intaneti kafe zikafa moja moja. Hatukuzilia. Nani alie na yeye sasa anasoma akiwa kitandani? Ila tusisahau kwamba ni waya ule ule. Tarehe 12 Mei 2024 SEACOM na EASSy zilikatika baharini upande wa kusini, na nchi nzima ikakumbuka kwamba intaneti haitoki hewani.

Sasa turudi kwa karani wa telegrafu. Kwa miaka mingi tovuti nyingi zilipitisha maneno yetu yakiwa uchi. Neno la siri lenyewe pengine lilifungwa, lakini ukishaingia, kila kinachofuata kilisomeka na yeyote aliye kwenye mtandao uo huo. Oktoba 2010 mtaalamu wa Marekani, Eric Butler, aliamua kuwatia watu aibu. Alitoa kiprogramu kiitwacho Firesheep, ambacho kilimwezesha mtu yeyote aliyekaa kwenye Wi-Fi isiyofungwa kuingia kwenye akaunti ya jirani yake kwa kubofya tu. Watu walipiga kelele, lakini kelele zilisaidia. Gmail ilikuwa tayari imefunga njia yake yote tangu Januari ya mwaka ule, Facebook ikafuata kwa watumiaji wote kufikia 2013, na leo tovuti nyingi zina ile "https" na kufuli lake. Kwa maneno mengine, tumerudi kwenye kitabu cha mafumbo cha wafanyabiashara: unafunga ndipo unakabidhi.

Kwa hiyo fundi hakukosea sana. Katikati, opereta wa leo anaona unakwenda kwa nani, ila mara nyingi hasikii mnachosema. Kilichobaki ni mwanzoni na mwishoni, yaani nyumbani kwako.

Na nyumbani ndiko tulikolala. Mwaka 2016 vijana wa Marekani walitengeneza kirusi kilichoitwa Mirai. Hakikuvunja kufuli lolote la maana. Kilizunguka duniani kikigonga ruta na kamera za majumbani, na kujaribu orodha ya maneno ya siri kama sitini hivi, yale yanayotoka nayo kiwandani: "admin" na "admin", "root" na "12345", na ndugu zake. Vifaa vingi vilifunguka kwa maelfu. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa vya namna hiyo liliishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa inasaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, na kwa saa kadhaa Twitter, Netflix na nyingine nyingi hazikupatikana kwa watu wengi. Wenye zile kamera hawakujua lolote. Walikuwa wamelala, kamera zao zikawa askari wa mtu mwingine.

Jioni ile, fundi alipoondoka, niligeuza boksi. Neno la siri la Wi-Fi lilikuwa pale kwenye karatasi, na chini yake anwani ya kuingilia kwenye mipangilio. Nikajaribu "admin" na "admin". Likafunguka. Nyumba ya opereta mstaafu, mlango wake unafunguka kwa salamu ya kiwandani!

Nikamwita Mama aje akae karibu. Tulibadilisha neno la kuingilia mipangilio kwanza, maana hilo ndilo watu wengi hulisahau. Kisha la Wi-Fi, tukachagua ufungaji wa WPA2 kwa kuwa boksi letu halina ule mpya zaidi. Tukaruhusu ruta ijisasishe yenyewe. Tukafungua mtandao wa pembeni wa wageni, ili wajukuu na rafiki zao wapate raha yao bila kushika ya ndani. Kwenye barua pepe yangu, ambayo ndiyo mama wa akaunti nyingine zote, uthibitisho wa hatua mbili upo tangu zamani. Ndo nilichojifunza kwa riyali 120.

Nikamweleza Mama kwamba neno zuri la siri ni refu, maneno manne yasiyohusiana, na lisiwe jina la mtu. Akafikiri, akalichagua mwenyewe. Sitaliandika hapa, ila lina samaki ndani yake.

"Na mtu akikupigia kukuomba namba zilizotumwa kwenye simu yako," nikamwambia, "hata akijua jina lako na la marehemu Baba, usimpe."

"Opereta hatoi namba," akasema.

Hapo nikapata ujasiri. Nikamwambia habari ya Ba'mdogo na ile barua, jambo nililomficha miaka zaidi ya ishirini. Alikunja mkeka wake polepole mpaka nikamaliza.

"Mimi nilijua," akasema. "Alipiga kwa jirani kuniuliza hali, siku ile ile. Akaniomba nisikwambie kwamba najua."

"Sasa Mama, miaka yote hii?"

"Nilisikia na sikusikia," akasema, akaingia ndani kupika.