Kibali cha Bastola Hukomea Mpakani

Parkdale, mtaa wa magharibi mwa Toronto unaoteremka hadi ufukwe wa Ziwa Ontario, ulipata hadhi ya kijiji chenye mamlaka yake mwaka 1879. Miaka miwili kabla ya hapo, 1877, Bunge la Ottawa lilikuwa limekwisha kupitisha sheria iliyoletwa na Waziri wa Sheria, Edward Blake: kutembea na bastola likawa kosa, isipokuwa kwa mtu mwenye sababu ya kweli ya kuogopa kushambuliwa. Kwa maneno mengine, sheria ya bastola ni kongwe kuliko kijiji cha Parkdale chenyewe. Tangu mtaa huo upate hadhi ya kijiji, haijawahi kupita siku hata moja ambapo mtu aliruhusiwa kuchomeka bastola kiunoni chini ya koti akaenda zake sokoni kwa kuwa tu amejisikia. Hili linafaa kukumbukwa na kila anayeuliza lile swali la wasafiri wa Marekani: je, kibali changu cha kubeba silaha kitatambuliwa huko niendako? Wengi hudhani Kanada inajibu “hapana” kwa sababu Wakanada ni wapole, au kwa sababu ya urasimu wa juzijuzi. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo lilikwisha kuandaliwa mwaka 1867, pale madaraka yalipogawanywa.

Katiba ya mwaka huo iliweka sheria ya jinai mikononi mwa Bunge la shirikisho, si mikononi mwa majimbo. Parkdale yenyewe ilijifunza kwa gharama kubwa wapi mamlaka ya kijiji yanaishia. Ilipochimba njia ya kupitisha Barabara ya Queen chini ya reli, wenye majengo ya jirani walishtaki kwa hasara waliyopata, kesi ikafika hadi Privy Council ya London, na mwaka 1887 Parkdale ikashindwa. Miaka miwili baadaye Parkdale ilimezwa na jiji la Toronto. Baraza lake likavunjika na wakazi wakawa chini ya utawala mwingine bila yeyote kuhama nyumba. Lakini aliyekatazwa kubeba bastola jana yake aliendelea kukatazwa vilevile, kwani sheria hiyo ilitoka Ottawa na haikujali mpaka wa kijiji umechorwa wapi. Kanuni ya Makosa ya Jinai ya 1892 ilikaza zaidi: asiye na sababu ya kuogopa kudhuriwa alihitaji cheti cha hakimu ili abebe bastola nje ya nyumba au mahali pake pa kazi, na muuzaji alitakiwa kuweka daftari lenye tarehe, jina la mnunuzi, na jina la mtengenezaji au alama nyingine ya kuitambua bastola. Mwaka 1934 ukaja usajili wa bastola zote. Mwenye bastola aliyehama Halifax kwenda Vancouver alipita majimbo mengi, ila kanuni ya jinai ilikuwa ileile.

Sasa tazama ng’ambo ya pili ya ziwa. Jimbo la New York lilitunga Sheria ya Sullivan, iliyodai kibali cha bastola, mwaka 1911, na mwaka 1913 likaongeza sharti kwamba anayetaka kubeba bastola kwa kuificha aonyeshe sababu ya msingi. Mwaka huohuo wa 1913 Kanada nayo ilikuwa ikibana vibali vyake. Kwa hiyo miaka mia moja na zaidi iliyopita, mtu wa Buffalo na mtu wa Parkdale walikuwa chini ya masharti yaliyokaribiana sana. Tofauti ni kwamba sheria ya Buffalo ilikoma kwenye mpaka wa jimbo. Vermont, jirani wa New York, haikuwahi kuwa na kibali cha aina hiyo kabisa. Florida iliamua mwaka 1987 kumpa kibali kila anayetimiza masharti. Illinois iligoma hadi 2013. Katika hali hiyo ndipo yakazaliwa makubaliano ya majimbo kutambuliana vibali, na msafiri akalazimika kuchunguza sheria ya kila jimbo atakalopita kabla hajawasha gari.

Atapinga mtu aseme: suala si mgawanyo wa madaraka, ni Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, ambayo Kanada haina. Ni kweli haina. Mahakama ya Juu ya Kanada ilisema hivyo waziwazi katika kesi ya Hasselwander mwaka 1993. Lakini tarehe zinaidhoofisha hoja hiyo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kuwa haki ya silaha iliyomo katika Marekebisho hayo ni ya mtu binafsi mwaka 2008, ikayabana majimbo kwayo mwaka 2010, na sharti la New York la “sababu ya msingi” likafutwa Juni 2022. Mchanganyiko wa sheria za majimbo ulikuwapo miongo mingi kabla ya hukumu hizo. Marekebisho ya Pili yamepanua yale ambayo majimbo yanalazimika kuruhusu. Hayakuzaa utaratibu wa kila jimbo kuwa na sheria yake. Kanada nayo ilijaribiwa upande huohuo: Alberta iliposhtaki kwamba Sheria ya Silaha ya 1995 inaingilia mali na haki za kiraia, ambazo ni mambo ya majimbo, Mahakama ya Juu ilijibu mwaka 2000 kwamba silaha ni suala la usalama wa umma, na kwa hiyo ni jinai. Lau Alberta ingeshinda, huenda leo Wakanada wangekuwa wakiulizana maswali yaleyale ya Wamarekani.

Mambo haya yana njia ya lami inayoyaleta Parkdale. Kipande cha kwanza cha barabara kuu ya Gardiner kilifunguliwa mwaka 1958, kutoka Mto Humber hadi Barabara ya Jameson, katikati ya mtaa huo. Kikaunganishwa na Queen Elizabeth Way, barabara itokayo Niagara na Fort Erie, na kwa miaka kadhaa aliyeendesha gari kutoka Buffalo bila kuiacha njia kuu alishukia Jameson. Mfikirie msafiri wa leo kutoka Pennsylvania mwenye kibali halali cha kwao. Sheria ya shirikisho la Marekani ya mwaka 1986 inamlinda apitapo majimbo yasiyotambua kibali chake, mradi bastola haina risasi, imewekwa asipoweza kuifikia, na anaruhusiwa kuibeba kule anakotoka na kule anakokwenda. Akivuka Daraja la Peace kuingia Kanada, kinga hiyo imekwisha, kwa maana sheria ya Washington haiwezi kuagiza lolote ng’ambo ya Mto Niagara. Tena, kile ambacho kibali chake kilimruhusu, yaani kuificha silaha, katika kanuni ya Kanada ni kosa linalojitegemea. Vibali vya kubeba vipo, lakini ni vya wachache: walinzi wa magari ya fedha, baadhi ya wanaofanya kazi porini, na mara chache sana mtu ambaye uhai wake uko hatarini na polisi hawawezi kumlinda.

Pingamizi zito zaidi ni hili: sheria hizi huwabana watiifu tu. Mwaka 2005 watu 52 waliuawa kwa risasi Toronto, na polisi wa jiji hilo wamesema mara nyingi kwamba bastola nyingi wanazokamata, zikifuatiliwa, huonekana zimetoka Marekani kwa magendo. Sitaki kulipuuza hili. Zaidi ya hayo, historia ya sheria yenyewe ina doa: mwaka 1921 sharti la kila mtu kuwa na kibali cha kumiliki silaha liliondolewa kwa raia, likaachwa kwa wageni peke yao, jambo ambalo halina jina jingine ila ubaguzi. Hata hivyo magendo hayo ni ushahidi upande wangu. Bastola hutoka palipo na sheria nyepesi kwenda palipo na sheria ngumu, kama maji yafuatavyo mteremko. Kanada imeziba mteremko huo kati ya majimbo yake. Uliobaki ni ule wa mpaka wa kimataifa, ambao Ottawa haiwezi kuusawazisha peke yake. Na polisi anayemkuta mtu na bastola chini ya koti Barabara ya Queen hahitaji kungoja risasi ilie: kubeba kwenyewe ni kosa.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Mkataba wa Brussels wa 1890, ambao Zanzibar nayo ilikuwa mshiriki, ulizuia kuingizwa kwa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya bara hili, na wakoloni wakaweka leseni zao, kila mmoja katika eneo lake. Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika 2010 imerahisisha watu na bidhaa kuvuka mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini leseni ya bastola ya Nairobi haimpi mtu haki ya kutembea nayo Arusha. Pale mpakani Namanga, mwenye silaha ni mgeni kama mgeni mwingine yeyote, na huomba ruhusa upya.

Tangu Agosti 2022 Kanada imezuia watu binafsi kuingiza bastola, Oktoba mwaka huo ikasimamisha uuzaji wake kati yao, na Desemba 2023 zuio likaingizwa katika sheria ya Bunge. Kwa hiyo ikiwa una ndugu Marekani mwenye kibali, naye anapanga kuja kukutembelea Parkdale, mwambie mapema bastola aiache nyumbani. Akiwa na bunduki ya kuwindia, aitangaze kwa maandishi kwa maofisa wa forodha na kulipa ada ya dola 25. Tangazo hilo litamfaa kwa siku 60.