Bepari, Kabaila na Bodaboda wa Kampala



Maneno mawili ya leo hukaririwa sana kwa ajili ya mitihani, lakini ni wachache wanaoyafikiri. Bepari, neno lililotujia kutoka Bara Hindi, hapo kale lilimaanisha mfanyabiashara tu. Leo ni mwenye mtaji anayetafuta faida sokoni. Kabaila, neno lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa mtu wa ukoo mkubwa, kisha likawa jina la mmiliki wa ardhi aishiye kwa kodi ya wanaoilima. Bepari hana budi kushindana na wenziwe. Kabaila yamtosha kumiliki.

Wapo wanaodai kwamba ubepari umekwisha kufa. Mwanauchumi Mgiriki Yanis Varoufakis alitoa kitabu mwaka 2023 akisema wenye kampuni kubwa za intaneti ni makabaila wapya. Hoja hiyo inavutia. Ukiita bodaboda kwa simu pale Wandegeya, petroli ni ya dereva, mvua na jua ni vyake, na deni la pikipiki mara nyingi ni lake pia. Kampuni hukata kamisheni yake katika kila safari. Je, huyo si kabaila?

Usijibu upesi. Sisi tunao ukabaila wetu, wenye tarehe na saini. Tarehe 10 Machi 1900, Sir Harry Johnston alitiliana mkataba na machifu wa Buganda, Kabaka Daudi Chwa akiwa bado mtoto mdogo. Ardhi ikagawanywa kwa maili za mraba, ndipo likazaliwa neno mailo. Kabla ya hapo mkopi, yaani raia wa kawaida, akionewa na chifu wake aliweza kuhamia kwa chifu mwingine, kwa kuwa chifu bila watu si chifu. Sasa ardhi ilikuwa na mwenyewe. Mkulima alilipa busuulu kwa kukaa juu yake, na envujjo kwa alichovuna.

Kisha ikaja pamba, iliyosafirishwa kwenda viwanda vya Uingereza. Wenye mailo walipoona fedha ya pamba, wakadai envujjo kubwa zaidi. Mkulima yuleyule, kwa marobota yaleyale, alimuuzia bepari na kumlipa kabaila. Vitabu vyetu vya shule hupenda kuipanga mifumo hii kama vidato vya ngazi; Buganda ilikua yote miwili katika shamba moja.

Malalamiko yalizidi. Bataka, viongozi wa koo, walilia kwamba hata makaburi ya wazee wao yalikuwa yameangukia mikononi mwa wengine. Sheria iliyopitishwa mwaka 1927 ikaweka busuulu kuwa shilingi 10 kwa mwaka, ikawekea envujjo mipaka, na ikamzuia mwenye mailo kumfukuza mkulima apendavyo. Kibanja kikawa kitu cha kumrithisha mtoto.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaowaita wenye programu makabaila. Ni kuwapa heshima wasiyostahili! Mwenye mailo alijulikana nyumba yake. Dereva aliyefungiwa akaunti hupokea ujumbe tu. Kibanja kilirithiwa, akaunti hairithiwi. Huu ni ubepari uleule, ila umejifunza kutoza kodi ya kabaila bila kubeba wajibu wake.

Utaniambia kwamba dereva yu huru kurudi kwenye steji. Ni kweli, kama mkopi wa kabla ya 1900. Lakini uhuru huo una thamani maadamu abiria nao wapo stejini, na abiria, wewe ukiwa mmoja wao, wanazidi kuhamia kwenye simu.

Mwaka 1998 Sheria ya Ardhi iliweka kikomo cha shilingi 1,000 kwa mwaka kuwa kodi ya mwenye kibanja, na ubishi juu ya kodi hiyo ukaendelea. Utakapopanda bodaboda wiki hii, muulize dereva: kamisheni yako ilipangwa na nani, nawe uliulizwa?