Kodi na Mwisho wa Utoto katika Lupembe

Watu wengi hudhani kwamba utoto huisha wenyewe, kama umande uishavyo jua lipandapo. Historia ya Ubena yatufundisha jambo jingine: utoto waweza kukomeshwa kwa amri, na amri hiyo yaweza kuandikwa na mtu asiyemjua mtoto wala mama yake.

Lupembe ipo mashariki ya Njombe, katika milima inayotazama bonde la Kilombero. Katika nchi hii ya baridi na ukungu mtoto alikua kwa kazi: alichunga mbuzi, aliteka maji, alipalilia ulezi. Hapakuwa na haja ya kumwuliza umri wake. Ukubwa ulipimwa kwa kazi aliyoiweza, na wapimaji walikuwa wazee waliomjua tangu kuzaliwa.

Kipimo kipya kilikuja na utawala wa kigeni. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Baada yao Waingereza walitunga sheria ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Kwa kodi ya kichwa, kijana asiye na mke wala nyumba alidaiwa kwa sababu tu ya kuwa mwanamume mwenye nguvu. Vyeti vya kuzaliwa havikuwapo vijijini, basi umri ulikadiriwa kwa macho. Aliyelala mtoto aliweza kuamka mdaiwa.

Fedha ya kulipia deni hilo ilikuwa haba milimani. Ilikuwa mbali, katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, mmea ulioletwa nchini mwaka 1893. Vijana wa Kibena walisafiri kwenda huko kwa wingi. Wa kwanza kwa miguu, wa baadaye kwa malori na treni, hasa baada ya wenye mashamba kuunda SILABU, shirika lao la kuandika vibarua, mwaka 1944. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa walitambuliwa kwa namba. Kazi zao za siku 30 zilihesabiwa katika kipande, na siku isiyotiwa alama haikuwa na ujira.

Hapa ndipo twauona upotevu wenyewe. Nyumbani kijana aliamkiwa "kamwene", akaitwa kwa jina la babu yake. Shambani aliulizwa namba. Alijifunza kwamba nguvu zake zina bei, na kwamba bei hiyo hakuipanga yeye. Maarifa hayo, mtu akishayapata, hawezi kuyarudisha.

Lakini tusiseme kwamba wote waliburutwa. Wako waliokwenda kwa hamu ya blanketi, nguo mpya na sifa ya kuiona treni. Hamu ya ujana ni ya kweli. Ila mtu achaguaye akiwa na deni mgongoni hachagui sawa na mtu huru. Wala tusiwasahau dada zao. Kodi ya kichwa haikuyaandika majina yao, lakini jembe lililoachwa na kaka liliangukia mikononi mwao, na utoto wao ukafupishwa bila ya risiti.

Leo kipande hakipo, na Lupembe yajulikana kwa chai na misitu. Hata hivyo wasichana kutoka Njombe wangali wakienda mijini kutumika katika nyumba za watu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kwamba mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na kwamba asiajiriwe kabla ya kutimiza 14. Kuhesabu miaka ni bora kuliko kukadiria kwa macho. Lakini ampokeaye binti mlangoni, akamwona ni mrefu na ana nguvu, akatosheka, hajatofautiana sana na karani wa kodi. Naye ampime kama wazee wa Lupembe walivyopima: kwanza amjue ni mtoto wa nani, ndipo aulize aweza kazi gani.